Na kama angekuwa Mwislamu? Uvumi uliomfuata Obama hadi kwenye sanduku la kura

Agosti 2006 Barack Obama, wakati huo Seneta wa jimbo la Illinois, alifika Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, akiwa katika ziara ya nchi alikotoka baba yake. Wazee wa Kisomali walimpokea kama wanavyompokea mgeni wa heshima: wakamvisha shuka nyeupe na kumfunga kilemba. Katika picha iliyopigwa siku ile mzee mmoja yuko ubavuni pake, akimsaidia vazi likae sawa. Kwa mtu aliyekulia huku kwetu picha ile haina fumbo. Marais wangapi wamevishwa lubega Umasaini na kanzu Pwani, wakapigwa picha wakitabasamu, na hakuna aliyeuliza kama wamehama dini?

Tarehe 25 Februari 2008 picha hiyohiyo ilichapishwa Marekani na tovuti ya Drudge Report, katikati ya mchuano mkali wa Obama na Hillary Clinton wa kuwania tiketi ya Chama cha Democratic. Tovuti ilidai kuwa picha ilikuwa inasambazwa na watu wa kambi ya Clinton. Siku chache baadaye Clinton alihojiwa katika kipindi cha televisheni cha 60 Minutes na kuulizwa kama anaamini mpinzani wake ni Mwislamu. Alikana, akasema hakuna msingi wowote wa kuamini hivyo, kisha akaongeza: kwa ninavyojua mimi. Ni haki kusema kwamba alikana zaidi ya mara moja katika mahojiano yale, na akaeleza kuwa yeye mwenyewe amewahi kuzushiwa mengi. Lakini maneno yale ya mwisho ndiyo yaliyobaki masikioni mwa watu, kwa sababu yaliacha mlango wazi.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka. Huwa tunasema dawa ya uongo ni ukweli. Hapa ukweli ulikuwepo tangu siku ya kwanza, umeandikwa, una mashahidi, umetangazwa mara mia. Haukutosha. Nadhani haukutosha kwa sababu kampeni ya Obama ilijibu nusu ya swali na kuikimbia nusu ya pili.

Tuanze na ukoo, maana uvumi ulijengwa juu ya mambo ya kweli yaliyopindwa. Babu yake, Hussein Onyango Obama wa Kogelo, alisilimu. Mama Sarah, mke wa Onyango aliyejulikana dunia nzima kama bibi yake Obama, alikuwa Mwislamu hadi alipofariki mwaka 2021 na kuzikwa Kiislamu palepale Kogelo. Baba yake alizaliwa katika nyumba hiyo, lakini kwa maelezo ya mwanawe, alipokuwa mtu mzima hakuwa na dini. Mama yake, Ann Dunham, alikuwa Mmarekani mweupe aliyezaliwa Kansas, asiyeshikamana na kanisa lolote. Mtoto alizaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti 1961. Wazazi walipoachana, mama aliolewa na Lolo Soetoro, Mwindonesia, Mwislamu wa jina zaidi kuliko wa ibada, na mwaka 1967 wakahamia Jakarta. Huko mtoto alisoma kwanza shule ya Kikatoliki, kisha shule ya serikali. Mwaka 1971 akarudi Hawaii kwa babu na bibi yake wazaa mama. Ukristo aliuchagua mwenyewe akiwa kijana Chicago, katika kanisa la Trinity United Church of Christ chini ya Mchungaji Jeremiah Wright, ambaye pia alimfungisha ndoa mwaka 1992.

Msomaji wa Kiswahili haoni ajabu hapo. Ukoo ambao babu ni Mwislamu, shangazi ni Mkatoliki na mjukuu kaokoka ni jambo la kawaida kutoka Kisumu hadi Bujumbura. Jina Hussein halimtishi mtu Lamu wala Ujiji. Marekani ya baada ya Septemba 11, 2001, jina hilohilo, ambalo pia lilikuwa jina la rais wa Iraki aliyenyongwa Desemba 2006, lilikuwa silaha. Tarehe 26 Februari 2008, siku moja tu baada ya ile picha, mtangazaji wa redio Bill Cunningham alipanda jukwaani Cincinnati kupasha joto mkutano wa John McCain, mgombea wa Republican, na akalitaja jina kamili la Obama tena na tena, akikazia lile la katikati. Hakuwa na haja ya kusema zaidi. McCain alipopata habari aliomba radhi hadharani siku hiyohiyo.

Uvumi wenyewe ulikuwa mkongwe kuliko kampeni. Barua pepe za kusambaziana zilidai kwamba Obama ni Mwislamu wa siri, kwamba alilelewa katika madrasa ya wenye siasa kali, na kwamba aliapishwa useneta akiwa ameshika Kurani. Januari 2007 jarida la mtandaoni Insight liliandika kwamba kambi ya Clinton inachunguza habari za madrasa hiyo, na Fox News ikaibeba. CNN ilimtuma mwandishi Jakarta, akaingia shuleni, akakuta shule ya serikali ya kawaida yenye watoto wa dini mbalimbali. Habari ya Kurani nayo ilikuwa ya mtu mwingine: Keith Ellison wa Minnesota, Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge la Marekani, ndiye aliyetumia Kurani iliyowahi kuwa ya Thomas Jefferson katika hafla yake ya kiapo Januari 2007. Obama alitumia Biblia.

Uzi mmoja wa uvumi huo ulitoka kwetu moja kwa moja, na Wakenya wanapaswa kuukumbuka. Kabla ya uchaguzi wa Desemba 2007 Raila Odinga alitia saini makubaliano na viongozi wa Kiislamu wa jukwaa la NAMLEF, waliotaka serikali ijayo ishughulikie malalamiko ya Waislamu, hasa watu kukamatwa na kupelekwa nje ya nchi bila sheria kufuatwa. Punde ikaanza kuzunguka hati nyingine ikidai kwamba Raila, ambaye alikuwa Mwanglikana, ameahidi kuleta Sharia. NAMLEF na kambi ya Raila waliikana na kuitoa hadharani hati halisi, lakini baadhi ya makanisa yalikwisha kushtuka. Kenya ilipowaka baada ya matokeo, hati ile ya kughushi ilivuka bahari ndani ya barua pepe zilizowaambia Wamarekani kwamba Obama ana udugu na Raila, na kwamba wote wawili wana ajenda moja. Mjaluo Mwanglikana na Mjaluo wa Chicago mwenye kanisa lake wakageuzwa kuwa safu moja ya Waislamu. Uongo uliopikwa kwa ajili ya kura za Kenya ukatumika kutafuta kura Ohio.

Kampeni ilijibu kwa ukweli. Kabla ya kura za mchujo South Carolina ilisambaza vipeperushi vilivyomtaja Obama kuwa Mkristo aliyejitoa. Kentucky ilisambaza kingine kinachomwonyesha mimbarini na msalaba mkubwa nyuma yake. Juni 2008 ilifungua tovuti maalumu ya kukanusha uzushi. Huku hayo yakiendelea, pigo kubwa la kidini la mwaka ule lilitoka kanisani kwake. Machi 2008 televisheni ya ABC ilionyesha vipande vya mahubiri ya Mchungaji Wright, kikiwemo kile anachotamka Mungu ailaani Marekani. Tarehe 18 Machi Obama alitoa hotuba Philadelphia kuhusu rangi na historia ya nchi yake, hotuba ambayo wengi wanaihesabu kati ya bora alizowahi kutoa. Mwishoni mwa Mei alijitoa katika kanisa hilo.

Tafakari mashtaka haya mawili yakiwekwa pamoja. Mtu yuleyule alishtakiwa kwamba ni Mwislamu wa siri, na kwamba kwa miaka ishirini alikaa kwenye viti vya kanisa akimsikiliza mchungaji mwenye hasira. Yote mawili hayawezi kusimama kwa wakati mmoja. Lakini palikuwa na watu walioyaamini yote mawili, na hilo linatueleza uvumi ulikuwa unafanya kazi gani. Haukuwa jibu la swali kuhusu mahali anaposali. Ulikuwa namna ya kusema kwamba mtu huyu si wetu, katika nchi ambayo kusema "hatumtaki kwa sababu ni mweusi" kulikuwa kumeshakuwa aibu hadharani. Sisemi kila aliyeuamini alikuwa mbaguzi. Wengine waliipata ile barua kutoka kwa jamaa wanayemwamini na hawakuwa na sababu ya kuchimba.

Sasa nifike kwenye nusu ya swali iliyokimbiwa. Kila aliposema "mimi si Mwislamu, mimi ni Mkristo", Obama alisema kweli. Lakini kukana kunakorudiwa kwa haraka na kwa jasho namna ile, bila neno lingine, kunafanana na kukana kosa. Na waliokuwa wanasikiliza hawakuwa wazushi peke yao. Walikuwemo Waislamu wa Marekani, walimu, madaktari, madereva wa teksi, wanafunzi, ambao wengi wao walikuwa wanampenda mgombea huyu na kumchangia.

Mambo mawili yaliwauma zaidi. La kwanza, kabla ya kura za Iowa, Keith Ellison alijitolea kumpigia debe Obama katika msikiti mmoja wa Cedar Rapids. Wasaidizi wa Obama walimwomba aahirishe kwa kuhofia utata. La pili ni la Detroit, tarehe 16 Juni 2008, mkutano uliofanyika katika ukumbi wa Joe Louis Arena siku ambayo Al Gore, makamu wa rais wa zamani, alitangaza kumuunga mkono Obama. Wanawake wawili vijana, Waislamu waliojifunga mitandio, walizuiwa na wafanyakazi wa kujitolea wasikae kwenye viti vya nyuma ya jukwaa, viti ambavyo kamera huvionyesha. Waliambiwa wazi kwamba sababu ni mtandio. Mkutano ulikuwa wa mgombea ambaye jina lake la katikati lilikuwa linasemwa kwa dharau, na yeye, kupitia watu wake, aliwaficha walioonekana kama jina hilo. Kampeni iliomba radhi, na Obama aliwapigia simu mwenyewe. Radhi ile naithamini. Lakini wale wa kujitolea hawakubuni hofu hiyo wenyewe, waliivuta katika hewa ya kampeni nzima.

Watetezi wake watasema, na wana hoja, kwamba mgombea haendi vitani kutoa somo la uraia, anakwenda kushinda. Angetamka wakati ule kwamba Mwislamu ana haki ya kuwa rais, kipande hicho cha sekunde tano kingekatwa na kurushwa kila saa hadi Novemba. Sina uhakika kwamba angeshinda. Lakini tukikubali hesabu hiyo tukubali pia aliyelipa gharama yake.

Upande wa pili, kwa McCain, tukio linalosifiwa sana lilikuwa la tarehe 10 Oktoba 2008 huko Lakeville, Minnesota. Mwanamume mmoja alisema anaogopa kulea mtoto katika nchi itakayoongozwa na Obama. McCain akamjibu kwamba Obama ni mtu mwema ambaye hupaswi kumwogopa akiwa rais, na wafuasi wake wakamzomea, mgombea wao wenyewe. Baadaye mama mmoja alichukua kipaza sauti, akasema hawezi kumwamini Obama, amesoma habari zake, akasita, kisha akasema: ni Mwarabu. McCain alitikisa kichwa, akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwake. Hapana mama, alisema, huyo ni mwanamume mwema wa familia, raia, ambaye mimi na yeye tunatofautiana katika mambo ya msingi, na hiyo ndiyo maana ya kampeni hii.

Ulikuwa ujasiri, na mtu anayezomewa na watu wake bila kurudi nyuma anastahili heshima. Hata hivyo usikilize muundo wa jibu. Ni Mwarabu? Hapana, ni mtu mwema wa familia. Waarabu wa Michigan, maelfu kwa maelfu wenye familia na hati za uraia, walilisikia jibu hilo na kujiuliza wao wamewekwa upande gani. Sidhani McCain alikusudia. Aliongea palepale, bila karatasi. Lakini hata kwa mtu mwenye nia njema siku ile, utetezi wa haraka ulipita juu ya migongo ya watu wengine.

Jibu kamili lilitoka siku tisa baadaye kwa mtu ambaye hakuwa anaomba kura. Jumapili ya tarehe 19 Oktoba, Colin Powell, Mrepublican, jenerali mstaafu na Waziri wa Mambo ya Nje wa zamani wa George W. Bush, alikwenda katika kipindi cha Meet the Press cha NBC kutangaza kwamba atampigia Obama kura. Alipofika kwenye uvumi alisema kwamba jibu sahihi ni kuwa Obama si Mwislamu, ni Mkristo, na amekuwa Mkristo siku zote. Kisha: lakini jibu lililo sahihi kabisa ni, na kama angekuwa? Kuna ubaya gani kuwa Mwislamu katika nchi hii? Akauliza kama kuna kosa mtoto wa Kiislamu wa miaka saba Marekani kuamini kwamba siku moja anaweza kuwa rais.

Akaeleza picha aliyoiona katika jarida: mama ameinamia jiwe la kaburi la mwanawe katika makaburi ya kijeshi ya Arlington. Juu ya jiwe zimeandikwa medali zake, na mahali ambapo makaburi mengine yana msalaba au nyota ya Daudi, hapo pana mwezi na nyota. Alikuwa askari wa Jeshi la Marekani aliyeuawa Iraki akiwa na miaka 20, mzaliwa wa New Jersey, aliyekuwa na miaka 14 minara ya New York ilipoanguka. Powell hakubadilisha ukweli wowote kuhusu Obama. Aliongeza tu lile lililokuwa limekosekana kwa karibu miaka miwili.

Linganisha na John F. Kennedy. Tarehe 12 Septemba 1960 alisimama mbele ya wachungaji wa Kiprotestanti Houston, Texas, kujibu hofu kwamba rais Mkatoliki atapokea amri kutoka Vatikani. Alisema yeye si mgombea wa Wakatoliki, ni mgombea wa Democratic ambaye ni Mkatoliki pia. Na alikwenda mbele: leo kidole kinanyooshewa Mkatoliki, zamani alikuwa Myahudi au Mkweka au Mbaptisti, kesho anaweza kuwa wewe. Alilikataa swali pamoja na kulijibu. Tofauti ni kwamba Kennedy alikuwa anatetea dini yake mwenyewe, na Wakatoliki walikuwa mamilioni ya kura. Obama alitakiwa kutetea dini isiyo yake, ya watu wachache waliokuwa wanaogopwa. Mzigo wake ulikuwa mgumu zaidi, nakubali.

Tarehe 4 Novemba 2008 alishinda kwa kura 365 za wajumbe wanaomchagua rais dhidi ya 173. Hata kwa Wakristo weupe wa kiinjili, kundi lililokuwa gumu kwake, alipata takriban asilimia 24 kwa mujibu wa mahojiano ya waliotoka kupiga kura, juu kidogo ya 21 za John Kerry, mgombea wa Democratic mwaka 2004. Mtu angedhani uvumi ungezikwa hapo.

Ulikua. Mwaka 2008 utafiti wa maoni wa kituo cha Pew ulikuwa umeonyesha asilimia 10 hadi 13 ya Wamarekani wakiamini Obama ni Mwislamu. Agosti 2010, baada ya mwaka mmoja na nusu wa kumwona kila siku akiwa rais, walikuwa asilimia 18. Waliosema ni Mkristo walishuka kutoka 48 mwaka 2009 hadi 34, na 43 walisema hawajui. Walioulizwa wamejuaje kwamba ni Mwislamu, wengi walitaja vyombo vya habari. Imani hiyo ilikwenda sambamba na kutoridhika na kazi yake: aliyemchukia zaidi ndiye aliyekuwa tayari zaidi kumwita Mwislamu. Kama neno hilo halikuwa tusi kinywani mwao, lisingeshikamana hivyo na hasira juu ya kazi yake.

Hapa ndipo Katiba yao inapofika mwisho wa uwezo wake. Ibara ya sita inakataza kabisa sharti la dini kwa cheo chochote cha umma, na imekataza tangu ilipoandikwa mwaka 1787. Inaifunga serikali. Mpiga kura aliye peke yake na karatasi yake hafungwi na ibara hiyo, anaweza kuweka sharti lolote analotaka. Kwa hiyo linalosemwa jukwaani kuhusu dini lina uzito wa pekee, maana hakuna hakimu atakayelisahihisha baadaye. Juni 2015 Gallup iliwauliza Wamarekani kama wangempigia kura mtu wa chama chao anayefaa akiwa wa dini fulani. Kwa Mkatoliki asilimia 93 walisema ndiyo. Kwa Mwislamu, 60.

Septemba mwaka huohuo, huko Rochester, New Hampshire, mwanamume mmoja alimwambia mgombea Donald Trump kwamba nchi ina tatizo linaloitwa Waislamu, na kwamba rais wa sasa ni mmoja wao. Trump hakumsahihisha. Siku tatu baadaye mgombea mwingine wa Republican, Ben Carson, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, aliketi katika kipindi kilekile cha Meet the Press na kusema kwamba yeye asingekubali Mwislamu akabidhiwe taifa hilo. Uongozi wa chama haukumwondoa, na katika wiki zilizofuata alipanda katika kura za maoni.

Obama hakuingia katika msikiti wowote wa Marekani akiwa rais hadi tarehe 3 Februari 2016, mwaka wake wa mwisho Ikulu, alipokwenda kwa jumuiya ya Kiislamu ya Baltimore. Aliwaambia vijana waliokuwa mbele yake kwamba hapo ndipo mahali pao, kwamba wao ni Waislamu na ni Wamarekani, vyote viwili. Akakumbusha kuwa hata Jefferson alizushiwa na wapinzani wake kwamba ni Mwislamu. Ilikuwa ile nusu ya jibu iliyosubiriwa tangu Detroit. Wakati anaitoa, Trump, aliyekuwa anaongoza mbio za Republican kitaifa, alikuwa ameshatoa tangazo lake la tarehe 7 Desemba 2015 la kutaka Waislamu wazuiwe kabisa kuingia Marekani, na Novemba 2016 alichaguliwa kuwa rais.